Betri za motohomu msimu wa baridi: nizing'oe, niiachie sola, au kuna njia nyingine?

Gurudumu6

Wakuu habari zenu. Nina motohomu (gari lenye nyumba ndani) naipaki baridi ikianza mpaka hali ya hewa irudi vizuri, kama miezi minne hivi. Inakaa uwanja wa wazi, umeme hamna kabisa pale, na mimi naweza kwenda kuichungulia labda mara moja kwa mwezi. Ndani ina betri mbili za 100Ah (ampea-saa) za maji, zile zenye vifuniko vya kufungua, zimeungwa pamoja kwa ajili ya taa, pampu, feni ya hita na vinginevyo, halafu ipo ya injini peke yake. Juu ya paa kuna paneli ya sola 120W. Usiku wa baridi kali huku inashuka mpaka -15.

Sasa kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja ananiambia ng'oa zote peleka ndani, mwingine anasema sola itazilea usiguse kitu, mwingine eti baridi yenyewe ndo inaua betri kwa hiyo nizifunge blanketi. Nilikuwa nataka pia kuifunika gari yote kwa turubai. Swichi kuu ya kukata umeme wa ndani ipo pale mlangoni, nikiizima taa zote zinakufa, nadhani hapo upande wa ndani nimemaliza? Mwenye kujua anieleze maana seti iliyopita haikudumu na sitaki kununua nyingine mapema hivi.

volti12

Mkuu tuanze na hilo la baridi maana ndo linapotosha watu wengi. Baridi haiui betri iliyojaa. Betri ya risasi ikikaa kwenye baridi inapoteza chaji yake polepole kuliko ikikaa kwenye joto. Kwenye nyuzi 20 hivi betri ya maji isiyoungwa na chochote inaweza kupoteza kama asilimia 3 mpaka 5 kwa mwezi, kwenye baridi ni chini ya hapo, AGM (ya risasi pia ila imefungwa, haiongezwi maji) ndo kabisa inashika zaidi. Kinachoua ni betri TUPU kwenye baridi. Asidi ya betri iliyojaa haigandi mpaka upite -50 huko, ikiwa nusu inaganda kwenye -25 hivi, ila ikiisha kabisa kilichobaki mle ndani ni kama maji matupu na inaweza kuganda hata -10 haijafika vizuri. Kwako ni -15, kwa hiyo unaona mwenyewe.

Ikiganda pleti za risasi za ndani zinapinda, boksi linapasuka, imeisha hiyo. Na hata isipoganda, ikikaa wiki na wiki na chaji ya chini ile salfeti (chumvi ya risasi inayoota kwenye pleti) inakuwa ngumu haitoki tena, ndo ile betri unayoichaji inajaa haraka haraka, ukiwasha taa mbili imeisha. Nahisi seti yako iliyopita ilikufa kifo hicho.

Namba za kushika kichwani, na unapima betri ikiwa imepumzika masaa kadhaa, haichajiwi haitumiki, kwa sababu ukipima mara tu umechomoa chaja utaona 13 na kitu ukafurahi bure: 12.6 hadi 12.7 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. AGM ikijaa inasoma juu kidogo, 12.8 au zaidi. Mimi 12.4 ndo mwisho wangu, ikigusa hapo inachajiwa siku hiyo hiyo.

Blanketi achana nalo, betri iliyotulia haitoi joto lolote sasa hilo blanketi litatunza nini.

Ila kikubwa ni hiyo swichi. Usidhani, pima. Magari mengi ile swichi inakata taa na pampu tu, kuna vitu vimeungwa moja kwa moja kwenye betri na vinakunywa usiku na mchana. Chukua multimita, weka kwenye ampea (ile tundu ya 10A), zima kila kitu, toa waya wa hasi kwenye betri, kisha mita ikae katikati, mkono mmoja wa mita kwenye ule waya uliotoa, mwingine kwenye kichwa cha betri. Sola uifunike au uizime kwanza maana itakuchanganya namba. Usiwashe injini wala hita mita ikiwa hapo, fyuzi ya mita itaondoka. Ukimaliza rudisha waya wa mita kwenye tundu la volti, ukisahau halafu ukaenda kupima volti umepiga shoti. Leta namba hapa.

tembea_pole

Mbona mnaikuza hii, mimi kila wiki naenda naipiga injini stata inanguruma dakika kumi na tano narudi nyumbani, betri ziko fiti miaka yote. Oltaneta ndo chaja bora kuliko hizo chaja zenu

waya_mwekundu

@tembea_pole kaka kwa heshima zote hiyo haifanyi unachodhani. Kupiga stata kwenyewe hakuli chaji nyingi kama watu wanavyosema, ni ampea nyingi ila ni sekunde chache. Shida ni upande wa kurudisha. Gari limesimama linanguruma chini oltaneta haitoi nguvu yake yote, na betri ya risasi ikishafika asilimia 80 hivi inakataa kupokea haraka, hiyo ishirini ya mwisho inataka masaa mengi sio dakika. Kwa hiyo kila wiki unairudisha karibu na pale pale ulipoikuta, haijai kamwe, na betri isiyojaa kamwe ndo inaota salfeti. Betri za ndani ndo hata usiseme, ziko mbali na injini, waya mrefu, volti inaanguka njiani.

Halafu injini yenyewe unaionea. Dakika kumi na tano kwenye baridi haijapata moto sawasawa, maji yanabaki kwenye oili na kwenye ekzosi, unaipa kutu kidogo kidogo kila wiki. Ukitaka kuiwasha basi itoe barabarani uitembeze lisaa limoja na zaidi mpaka kila kitu kiwe cha moto. Ama iache ilale.

tembea_pole

Sawa mimi nimesema kwangu inafanya kazi. Na huku kwetu baridi sio ya -15 labda ndo tofauti

MamaMsafara

Gurudumu6 mwanangu, mimi ni wa kundi la kung'oa. Miezi minne bila umeme sibahatishi. Betri zikiwa nyumbani naziona, nazipima, nikiamka nikitaka kuchaji nachaji. Lakini ujue kazi yake: ya maji ya 100Ah ni kilo 25 na zaidi moja, na mara nyingi imewekwa chini ya kiti mahali ambapo hata mkono haupiti vizuri, sasa ukiibeba umeinama mgongo utakukumbusha. Tafuta zile kamba za kubebea au mtu wa kusaidiana naye.

Kabla hujagusa kitu piga picha. Piga tena kwa karibu. Hizo mbili zako kama ni za 12V zimeungwa sambamba chanya kwa chanya, lakini kuna gari zina mbili za 6V zimeungwa kwa mfululizo, ukirudisha vibaya hapo ni moto kweli. Weka plasta kwenye kila waya uandike inakwenda wapi. Toa hasi kwanza ndipo chanya, kurudisha ni kinyume, chanya kwanza hasi mwisho. Sababu ni kwamba hasi ikiwa bado imefungwa na spana yako ikagusa bodi ukiwa unafungua chanya, cheche hizo utazikumbuka.

Kuhusu kuziweka sakafuni: mtakuja kuambiwa zege linanyonya chaji. Hilo lilikuwa la zamani za maboksi ya mpira, siku hizi ni plastiki, weka popote pakavu penye hewa. Hewa ni muhimu kwa sababu betri ya maji ikichajiwa inatoa haidrojeni, usiifungie kabatini na chaja juu yake, na usiiweke chumba wanacholala watu.

Lingine watu hawalisemi, ya injini ukiitoa unaua na alamu na ile traka ya kutafutia gari kama unayo. Soma mkataba wako wa bima kwanza, kuna bima zinataka traka iwe hai muda wote. Na usifunge ufunguo ndani, zipo gari umeme ukikatika milango ya rimoti haifunguki mpaka uzungushe ufunguo wa mkono, na tundu lenyewe halijawahi kutumika limeshika kutu.

Gurudumu6

Asanteni sana aisee, mama na wakuu. Nimeenda leo na mita. Swichi kuu imezimwa, sola nimeifunika na kadibodi, betri za ndani zinasoma 0.36A inatoka!! Nimezima kila kitu ninachokijua. Ya injini nikasubiri kama nusu saa milango imefungwa ikashuka ikatulia kwenye 0.045A. Hii 0.36 ni nyingi au ni kawaida?

waya_mwekundu

Ya injini ni kawaida, kompyuta na alamu, na umefanya vizuri kusubiri maana mara ukifungua mlango kila kitu kinaamka na namba inadanganya. Kawaida lakini sio bure: 0.045 mara masaa 24 ni kama 1.1Ah kwa siku, mwezi ni 32 au 33Ah. Kama betri ya injini ni ya 90 hivi, ukija baada ya miezi miwili bila kufanya chochote imebaki chini ya theluthi. Kwa hiyo nayo inataka kukatwa.

Ya ndani sasa. 0.36 mara 24 ni karibu 8.6Ah kwa siku. Una 200Ah kwa jumla, nusu yake ni 100, kwa hiyo siku kumi na mbili hivi uko 12.2, ukienda mwezi ujao unakuta zimekufa. Hapo ndo seti yako ya zamani ilipoenda, inavuja tone tone kama bomba bovu na swichi umeizima umelala usingizi.

Tafuta anayekunywa. Mita iache hapo hapo, chomoa fyuzi moja moja uangalie namba inaposhuka, rudisha, chomoa inayofuata. Washukiwa wangu kwa mpangilio: inveta (ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ikiwa kwenye kusubiri inakula hata kama hujachomeka kitu, na mara nyingi ina fyuzi yake kubwa peke yake karibu na betri haipiti kwenye swichi), alamu ya gesi, redio inayotunza kumbukumbu ya stesheni, ngazi ya umeme ya mlangoni, busta ya antena ya TV, kadi ya elektroniki ya friji. Vitu vya USB vya ukutani vyenye kataa ka bluu navyo vinakula kidogo kidogo.

Gurudumu6

Nimewapata! Inveta 0.21 (sikujua kabisa kama ina swichi yake nyuma ya kabati, ile ya rimoti inaizima screen tu). Alamu ya gesi 0.09. Ngazi pamoja na redio 0.05. Imebaki 0.01 ambayo nadhani ni kontrola ya sola yenyewe (kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli).

Sasa alamu ya gesi inaruhusiwa kuichomoa? Naogopa.

volti12

Kama gesi umeifunga pale kwenye mtungi wenyewe na hakuna anayelala humo, chomoa. Ila bandika karatasi kwenye usukani kubwa kabisa kwamba alamu imezimwa, usije ukalala humo safari ya kwanza bila alamu. Hili sio la mchezo.

Sasa kwa hesabu yako mpya. 0.01A ni robo ampea-saa kwa siku, mwezi mzima ni 7Ah kwa betri zote mbili pamoja. Hapo hata sola isipofanya chochote mwezi mzima hujaguswa. Kwa hiyo ningekuwa wewe:

Chaji zote tatu nyumbani mpaka zijae kweli kabla ya kuipeleka gari uwanjani. Kujaa kweli maana yake chaja ya hatua imefika mwisho yenyewe ikashuka kwenye kushikilia, sio taa ya kijani ya kwanza. Kwa betri ya maji inapanda mpaka 14.4 au zaidi kidogo, inakaa hapo masaa, halafu inashuka 13.2 mpaka 13.6. Kama una gel (ya risasi ambayo asidi yake ni nzito kama jeli) chaja uiweke kwenye gel, haitaki zaidi ya 14.1 au 14.2 hivi ukiizidishia inatoa mapovu ndani na hayatoki tena. Chaja ikiwa na waya wa kupima joto uufunge kwenye betri, baridini betri inataka volti ya juu kidogo, kila nyuzi moja chini ya 25 ni kama 0.02 au 0.03V.

Inveta, alamu ya gesi, ngazi, vyote fyuzi nje. Kontrola ya sola iache imeungwa na betri.

Turubai sahau. Turubai lililofunika paneli limeua sola yako, na unyevu unabaki ndani gari linaota ukungu. Kama lazima ufunike basi acha paa wazi. Ukienda kila mwezi futa theluji kwenye paneli kwa brashi laini, usikwangue na kitu kigumu.

Na usiitarajie sana hiyo 120W. Jua la kipupwe liko chini, siku fupi, paneli imelala bapa juu ya paa, siku za mawingu inatoa kidogo mno na ikiwa chini ya theluji ni sifuri kabisa. Watu wanasema "nina sola" kana kwamba wamemaliza. Sola ya baridi inatosha kufidia betri inayopungua yenyewe na kontrola, haitoshi kulisha inveta iliyosahaulika. Kwako bila kuchomoa zile fyuzi sola ingeshindwa, baada ya kuchomoa inatosha sana.

MamaMsafara

Naongezea hapo kwenye sola kwa sababu nimeona watu wameunguza kontrola. Ukitaka kutoa betri na paneli ipo juani, usitoe betri kwanza. Toa waya za paneli au funika paneli kabisa, ndipo betri. Kurudisha: betri kwanza kontrola iijue ni ya 12V, kisha paneli.

Na hiyo sola yako mwanangu angalia kama inachaji na ya injini. Nyingi zinachaji za ndani peke yake. Kuna kakifaa kadogo kanapitisha chaji kwenda ya injini za ndani zikishajaa, kama huna basi ya injini ni ya kutoa waya wa hasi au kuibeba nyumbani. Moja tu unaibeba, hiyo hata mimi nakuruhusu kuacha zile mbili kubwa.

Nyundo_ya_Chuma

Samahani kuingilia, mimi ya kwangu ni lithiamu (LiFePO4 200Ah). Haya yote yananihusu? muuzaji alisema ni ya kusahau, unaiacha tu

volti12

@Nyundo_ya_Chuma yanakuhusu ila karibu kinyume.

Lithiamu haitaki kujazwa ikae. Iache nusu mpaka asilimia 60 hivi, kisha ikate kabisa. Inapoteza chaji kidogo sana yenyewe, ila ile BMS ndani (saketi inayolinda betri) nayo inakula kidogo kwa hiyo usiiache chini kabisa halafu ukaondoka miezi. Usiichomeke kwenye chaja ya kushikilia msimu mzima.

Kubwa zaidi: USIICHAJI chini ya 0. Kutumia unaweza kutumia hata kwenye baridi kali, nyingi zinaruhusu mpaka -20, lakini kuchaji chini ya sifuri lithiamu inajipaka kwenye upande wa hasi kama chuma na haurudishi, uwezo umepotea jumla. BMS nzuri inakataa kuchaji yenyewe, lakini zipo za bei ya chini hazina hicho kinga, usijue wakati umeshaharibu. Na hapo ndo sola inakuwa adui, asubuhi ya -10 yenye jua zuri kontrola haijui kama betri ina baridi, inasukuma tu. Kwa hiyo wewe zima paneli. Zenye hita ya ndani ni sawa, ila hita nayo inakula, ukiiachia paneli iliyofunikwa theluji inaweza kula betri yenyewe.

Halafu usipime kwa volti, kwenye lithiamu kati ya asilimia 30 na 80 volti inakaa karibu pale pale 13.1, 13.2, 13.3, mita haikwambii kitu. Tumia programu ya BMS au shanti (kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka). Msimu ukianza ichaji mpaka 100 mara moja seli zijisawazishe.

Na kama inabebeka ibebe ndani. 200Ah ya lithiamu ni nyepesi kuliko 100Ah mbili za risasi.

Nyundo_ya_Chuma

Duh. Paneli yangu imeunganishwa moja kwa moja sina swichi

waya_mwekundu

Weka swichi ya DC kati ya paneli na kontrola, iwe ya DC yenye volti ya paneli zako na kuendelea, usitie ile ya ukutani ya taa. Au kwa leo funika paneli na kitu cheusi kisichopitisha mwanga, ukikifunga vizuri kisipeperuke.

tembea_pole

Na mtu akiwa na umeme nyumbani? Motohomu ipo uani, anachomeka tu anaacha mpaka msimu uishe?

waya_mwekundu

Inategemea chaja iliyomo ndani ya gari kaka. Ikiwa ya kisasa ya hatua tatu, acha. Zile za zamani zinashikilia 13.6, 13.8 hivyo hivyo miezi yote, betri ya maji inachemka polepole maji yanapungua pleti zinabaki wazi, msimu ukiisha unafungua kifuniko unakuta kumekauka. Yenye chaja ya namna hiyo iweke kwenye taima iwake masaa machache kwa siku, au zima hiyo chaja kabisa utumie chaja ndogo ya kutunza betri, za ampea moja au mbili zinatosha. Na ya injini isisahaulike, chaja nyingi za ndani haziigusi. Umeme ukikatika wakati umesafiri chaja nyingine haziwaki zenyewe mpaka ubonyeze, kwa hiyo hata ukichomeka pitia uangalie. Ekstensheni iwe ya nje, iwe imekunjuliwa yote, viungo visilale kwenye maji.

Gurudumu6

Nimeamua: mbili za ndani zinabaki na sola, fyuzi zote nje, ya injini naibeba nyumbani na chaja ndogo. Turubai nimelirudisha.

La mwisho kabisa nisiwachoshe. Nimefungua vifuniko nimeona maji yapo chini kidogo, pleti zimefunikwa lakini sio mpaka kwenye shingo ya tundu. Naongeza sasa hivi kabla ya kuzipaki au nikija mwezi ujao? Na nikija nikikuta moja imeshuka chini ya 12.4 nifanyeje pale hakuna umeme, nina jenereta ndogo.

volti12

Kama pleti zimefunikwa usiongeze kabla ya kuchaji, maji yanapanda yenyewe yakipata chaji yatamwagika. Chaji kwanza, zikijaa ndo unaongeza yale maji masafi ya betri mpaka chini kidogo ya shingo, kisha uichaji tena lisaa limoja au mawili yachanganyike. Usije ukaongeza uwanjani halafu ukaondoka bila kuchaji: maji mapya ni mepesi yanakaa juu ya asidi, na maji matupu yanaganda kwenye 0 tu. Miwani ya macho na glovu, asidi inatoboa nguo huioni mpaka ukifua.

Kwa jenereta inategemea imeshuka wapi. Masaa mawili na chaja ya 10A ni 20Ah tu na hapo ukute chaja yenyewe imeshaanza kupunguza, kwa hiyo inakuvusha ila haijazi. Ikiwa 12.3 hivi chaji pale masaa machache halafu tafuta sababu, chomoa fyuzi tena upime, kitu kimerudi au seli moja inakufa. Ukikuta mbili zimeungwa na zote ziko chini, zitenganishe usiku mmoja kila moja peke yake, yenye kasoro itajionyesha maana inashuka peke yake nyingine inabaki. Hidromita (kipimo cha uzito wa asidi) nayo ni nzuri kwa za maji, seli tano zinasoma 1.265 moja inasoma 1.18 hiyo ishajulikana.

Ikiwa chini ya 12.0 na kulikuwa na baridi, usiichomeke. Kwanza tazama boksi kama limevimba ubavuni au lina ufa, fungua kifuniko uchungulie kama kuna barafu. Betri iliyoganda ukiichaji au ukiibusti inaweza kulipuka usoni. Ibebe ndani iyeyuke yenyewe kabisa, usiweke moto wala hita karibu, kisha uitazame tena kama inavuja. Inayovuja hairudi kwenye gari.

MamaMsafara

Na ukiwa pale uwanjani kagua na vichwa vya betri, ule unga wa kijani au mweupe unaufuta na maji yenye soda ya kuokea kidogo, vifuniko vikiwa vimefungwa soda isiingie ndani, suuza, kausha, paka grisi. Uchafu na unyevu juu ya betri nao unapitisha chaji kutoka kichwa kimoja kwenda kingine, kidogo lakini miezi minne ni mingi.

Gurudumu6

Sawa mama. Ya injini nimeshaitoa, redio imesahau saa tu. Za ndani zinasoma 12.7 na sola imeungwa, nikienda mwezi ujao naleta namba hapa.